Keria ya Kumbeba Nkwabi

Valerian alivua viatu, akapanda juu ya benchi la fundi, akalala chali ndani ya sanduku.

"Linanitosha," alisema huku akitazama dari. "Basi na Nkwabi litamtosha."

Sabiti alikuwa akitengeneza keria na masanduku ya magari pale Geita tangu enzi za mkoloni, lakini hakuwa amepata kuona mteja akilala mahali pa mzigo. Alikuwa ameanza kwa kumwonyesha sanduku zuri la bati, lenye kufuli, la kukaa sawasawa juu ya kigari cheupe cha milango miwili alichokuja nacho mteja huyo. Valerian wala hakuligusa. Alitaka la mbao, refu, la kupigiliwa misumari.

"Huyo Nkwabi ni nani wako?"

"Tumechimba shimo moja Nyarugusu miaka sita. Juzi kifusi kimemwangukia. Nampeleka Shinyanga, fundi, na lazima afike. Huyu akiishia njiani, mimi nimekwisha."

"Pole sana. Na ndugu zake?"

"Hana ndugu. Ni mimi tu."

Sabiti akajiuliza moyoni. Mtu hana ndugu, sasa anapelekwa kwa nani? Lakini si vizuri kumhoji mfiwa, akarudi kwenye kazi yake.

Kwenye keria ndipo walipobishana. Sabiti alileta ya bomba jembamba, nyepesi, ya magari madogo. Valerian akaikunjia uso. Akachagua ile ya vyuma vinene yenye miguu sita, iliyotengenezewa gari la kubebea magunia.

"Marehemu alikuwa mzito," alisema.

"Mchimbaji? Kwa njaa hii ya Nyarugusu?"

"Mifupa yake."

"Haya, mifupa. Keria hii itambeba hata tembo. Lakini gari lenyewe, kaka? Keria haiendi kwa miguu yake."

"Gari niachie mimi," alisema Valerian. Basi akaachiwa.

Kesho yake asubuhi alifika kwenye kizuizi cha polisi. Huo ndio ule mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi, na askari walipekua mpaka nepi za watoto. Gari la mbele yake lilikuwa limeshushwa mizigo yote, na godoro limepasuliwa. Valerian alitoa kadi ya chama ya Nkwabi. Askari akasoma jina, akatazama sanduku lililofunikwa kitambaa cheupe chenye msalaba, akavua kofia.

"Mbona uko peke yako? Familia iko wapi?"

"Hana ndugu, afande."

"Masikini wa Mungu! Pita, pita."

Valerian alipumua kwa nguvu hadi kioo kikaingia ukungu. Kilichobaki sasa kilikuwa barabara tu.

Loo, barabara! Alipoipita Bugarama kidogo, springi za nyuma zilikatika zote mbili kwa mpigo, gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Keria haikulegea hata nati moja. Sabiti hakuwa fundi wa mchezo.

Kijiji kizima kikatoka. Mbele alikuwa Mama Limi, balozi wa nyumba kumi, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha watu wa kijiji cha pili.

"Mwadila, baba," alimsalimu Kisukuma. "Pole kwa msiba. Springi za gari hili utazifuata Kahama, na Kahama kwenyewe hakuna. Wenye maiti wanakusubiri wapi?"

Valerian aliyakumbuka maneno yaliyomvusha kizuizini, akayatumia tena. "Hana ndugu, mama."

"Hana kabisa?"

"Hana hata mmoja duniani."

Mama Limi aliwageukia watu. "Mmesikia? Basi ndugu zake ni sisi. Leteni majembe."

"Hapana, mama! Nimeahidi kumfikisha Shinyanga!"

"Yaya, baba, hapana! Umemwahidi nani, na hana mtu? Marehemu aanikwe juani juu ya gari bovu, sisi tumekaa tunatazama? Aibu hiyo kijiji hiki hatuitaki."

Mtu mmoja akaomba sanduku lifunguliwe, wamuage.

"Uso haupo!" Valerian alidakia. "Kifusi kimeuharibu wote. Msifungue!"

"Na hanuki hata kidogo," alisema bibi mmoja, akitikisa kichwa. "Alikuwa na roho safi huyu."

Wanaume sita walilibeba, wakapokezana mara tatu. Walimzika mbele ya ofisi ya kijiji, penye mgambo usiku na mchana, maana wachimbaji wa huku hawana adabu, wanafukua popote. Mama Limi akatoa mifuko mitatu ya saruji iliyowekwa kwa ajili ya shule, na saruji mwaka ule ilikuwa adimu kuliko sukari. Wakalifunika kaburi lote kwa zege. Jina la marehemu wakalinakili kutoka kwenye ile kadi ya chama, wakaliandika juu ya zege.

Valerian alilia jamani. Hakulia kwa kujificha kama wanaume wanavyolia. Aligaragara, akaling'ang'ania sanduku lilipokuwa linashushwa kaburini, ikabidi wanawake wanne wambandue.

"Si ndugu yake huyo," watu walinong'onezana, wengine wakifuta machozi. "Ona anavyolia! Marafiki wa kweli bado wapo."

Siku ya tatu, kwa lifti ya lori la pamba, Valerian alifika Shinyanga, vumbi mpaka kwenye kope. Akabisha hodi kwenye chumba kimoja cha kupanga nyuma ya soko.

Nkwabi alimfungulia mwenyewe.

"Mnunuzi amechoka kusubiri," alinong'ona, akichungulia barabarani nyuma yake. "Mawe yetu ya dhahabu yako wapi?"