Fundo la Mize

Majirani walipokuja kumuaga, Bi Somoe aliwapa mkono mmoja mmoja, lakini jicho lake lilikuwa kwa Mize. Mize wa mlango wa pili ndiye aliyeng'ang'ania kumfungia vyombo vya jikoni, tena peke yake, na fundo la shuka akalikaza kwa meno. Wema gani huo wa kujifungia ndani?

Mkokoteni ulipotaka kuondoka, uvumilivu ulimshinda. Alilishusha furushi, akalifungua mbele ya mtaa mzima, akahesabu. Sahani sita, zote zipo. Sufuria zipo. Na bakuli moja la buluu, tupu, lisilo lake.

"Mize! Ulitaka niondoke na jina la mwizi?"

"Ni lile la futari, shoga yangu," Mize alijibu taratibu. "Miaka yote nakuletea, na hujawahi kunirudishia tupu. Nimekutilia ili uje kulirudisha."

Bi Somoe alirudi ndani na lile bakuli, akapekua jikoni akitafuta japo ndimu moja. Palibaki majivu tu. Nje, mwenye mkokoteni aliita mara ya pili. Akasimama kizingitini, bakuli mkononi, asiweze kulirudisha tupu, wala kulipakia kwa aibu.