Jikoni ni Kaunti Nyingine

Mpaka wa kaunti ulipita ndani ya nyumba ya Mghoi, kati ya sebule na jikoni. Mumewe Mwakio akijaribu kubeti sebuleni, simu ilijizima, na sauti ya mshauri wa kaunti ikasema kwa upole, "Pumua kwanza, ndugu yangu." Jikoni ilikuwa kaunti jirani, na huko kamari ilikuwa ruksa.

Mwakio alipoanza kupika kila siku, Mghoi aliwaringia majirani, hadi alipokuta sufuria ya maharagwe inaungua na mume ameganda mbele ya simu. Kumbe!

Leo alihamishia jiko la makaa sebuleni, akautia kufuli mlango wa jikoni na kuficha ufunguo kifuani. Mwakio hakubisha. Alikaa ametulia tuli, ila mkono wake ulikuwa ukipapasa mfuko mtupu wa shati.

"Baba Wakesho, simu yako iko wapi?"

 Macho ya Mwakio hayakubanduka kwenye ule mlango.

"Baba!" ikaita sauti ya Wakesho, binti yao mdogo, kutoka jikoni. "Nimeshapita dirishani. Sasa nibonyeze timu gani?"