Neno la Saa Sita

"Usiizime," alisema Commandant Bokungu, na kiganja chake kikafunika kitufe kabla kidole cha Béthanie hakijakifikia.

Kompyuta ilikuwa imekwisha kumeza disketi za programu mpya ya kinga, ya kufungia barua kwa neno la siri, zilizoletwa asubuhi kwa ndege kutoka Lubumbashi. Sasa iliomba kitu kimoja tu: izimwe, iwashwe upya. Béthanie alikuwa na haraka kuliko mashine yenyewe. Commandant alikuwa amemwapia kwamba kinga ikishaingia, atamwachia arudi nyumbani.

Vita vilikuwa vinasogea, karani wa jeshi alikuwa ametoroka, na katika mji mzima wa Kamina ni Béthanie tu, katibu wa shule ya Wamethodisti, aliyejua kuiendesha mashine ile. Askari walimchukua wakisema ni kazi ya asubuhi moja. Jeshi likikuambia asubuhi moja, beba na blanketi. Tangu hapo alilala katika ofisi hiyohiyo ya kambi, mlango ukifungwa kwa nje. Mira, mtoto wake, alikuwa bado ananyonya, na maziwa yaliyokosa mdomo yalimlowesha blauzi. Kila siku Nahum, mumewe, alikuja na baiskeli akasimama ng'ambo ya kizuizi cha getini, akitazama dirisha lenye nondo. Leo alikuwepo tangu alfajiri, karibu na mlinzi wa zamu ya alfajiri, mtu mrefu mwenye kitambaa cha kijani shingoni.

"Juu ya nini kuizima?" aliuliza Bokungu. "Kinga si ilisha kuingia?"

"Iliingia ku disque, Commandant. Lakini ile ya zamani, ordinateur, hii mashine, iliisoma asubuhi wakati iliamuka. Mpaka sasa iko inaitumikisha mu kichwa. Haiwezi kuitupa na huku iko inaitumikisha. Mpaka ilale kwanza, iamuke, isome mupya."

Siku zote Bokungu alikuwa mtu wa kufoka. Leo alikaa pembeni ya meza, mpole kama mkwe ugenini.

"Kwa hiyo, kabla ya kulala, ukiipa kintu ya mupya, itakatala?"

"Haitaijua. Inajua tu ile ya asubuhi."

Bokungu akageuka kutazama getini. Kimya kingi kina mshindo, lakini Béthanie alikuwa na mtoto nyumbani, hakuwa na nafasi ya methali. Kiganja kilipoondoka, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Akaomba kimoyomoyo mpaka mashine ikaguna, ikaamka, na kutaka neno la siri. Bokungu akalichapa mwenyewe, kofia ikifunika vidole.

Kuanzia hapo Béthanie asingeweza tena kuzifungua barua alizomchapia, zile za mafuta ya ndege za kambi na watu wa upande wa pili waliokuwa wakiyanunua. Alizichapa zote huku amejifanya haelewi kitu. Aliamini amefaulu.

"Basi, enda kwako," alisema Bokungu. "Lakini usikilize muzuri. Mot de passe ya asubuhi, ile Upemba, adui bali­sha kuisikia. Minyi niliibadilisha saa sita. Sasa ni Kisale. Ukisema Upemba kule ku barrière, batakupiga masasi. Ulisikia, mama?"

"Kisale," alirudia Béthanie. Neno la kupitia la Upemba alilijua, askari aliyemletea chakula cha bukari asubuhi alilitamka mlangoni ndipo akafunguliwa. Machozi yakamtoka. Alimshukuru mtu yule kwa moyo wote, kwa mikono miwili, na kumwombea baraka kwa Mungu.

Alipovuka kizingiti alimsikia nyuma yake akichukua redio.

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Miguu ya Béthanie ilikuwa imesahau kutembea, lakini furaha ilimsukuma. Alitamani kukimbia. Hakukimbia, maana kambini anayekimbia huulizwa kwa risasi. Ng'ambo ya kizuizi Nahum alimwona, akaiachia baiskeli ikaanguka. Béthanie alilishika lile neno mdomoni kama mtu aliyebeba maji viganjani: Kisale, Kisale. Mlinzi mpya angelijua. Katika kambi ile neno halikubadilishwa peke yake. Zamu mpya iliingia na neno lake, zamu iliyochoka ikaenda kulala na lake.

"Simama," alisema mlinzi, akageuka na kumwelekezea bunduki. "Mot de passe."

Alikuwa mrefu, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa jua la siku nzima. Shingoni alikuwa na kitambaa cha kijani.

Ulimi wa Béthanie ulikuwa umekwisha kuinuka. Aliushusha. Alimtazama mtu yule ambaye tangu alfajiri hakuna aliyekuja kumpokea zamu: naye alijua tu neno la asubuhi.

"Mama, mot de passe."

"Upemba," alisema Béthanie, akafumba macho.

Alisikia mti wa kizuizi ukipanda juu.

"Pita, mama," alisema mlinzi. "Na wende mbio na bwana yako, hapa si pazuri. Commandant alituita sasa hivi ku radio: kuko mwanamuke, espionne, mupelelezi ya adui, iko anakuja na neno Kisale, tumupige bila kumuuliza."