Mshale Mgongoni mwa Zulia

Mazulia ya ofisi siku hizi hukumbuka nyayo na kuzirudia kwa sauti, saa ileile zilipopita. Ndiyo maana mfanyakazi akifa, vipande alivyokanyaga hung'olewa na kuchomwa moto. Nuriati, fundi wa sakafu, aling'oa vya mumewe Shomari kwa mkono wake. Kimoja alikiiba, akakibandika kwa gundi mlangoni kwake.

Saa kumi na moja jioni zikasikika hatua, mguu wa kushoto ukiburuzwa kidogo.

"Mama, baba huyo," akasema binti yake.

Lakini hatua zilianzia sebuleni, zikaelekea nje. Alipokibandika huku akitokwa na machozi, Nuriati alisahau kutazama mshale wa mwelekeo mgongoni mwa kipande, na gundi ilishakauka.

"Mbona anaondoka tena?"

Kesho yake, saa kumi na moja, mtoto alisimama mlangoni ametanua mikono, amzuie.