Mkono Uliokaliwa

Kiherehere alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia.

Na wala hapakuwa mahali pa kukalia mkono. Alikuwa kiti cha nyuma cha glaida, ile ndege isiyo na injini, mita mia tatu angani, upepo unawapiga ubavuni kutoka kushoto. Usukani alikuwa nao mama wa kiti cha mbele.

"Mwanangu, mbona tunakwenda upande?" mama akauliza.

"Unaniuliza mimi, mama?" Kiherehere akacheka. "Haya, tufanye hujui. Uone huo uzi mwekundu kwenye kioo. Ukinyooka, tuko sawa. Pua tunaielekeza upepo unakotoka, halafu tunakwenda upande-upande kama kaa."

"Kaa yuko chini, mwanangu. Sisi tuko juu."

Ana maneno huyu!

Jina la Kiherehere alipewa na wenzake kwa sababu ya mikono. Mara mbili amefanya mtihani wa ualimu wa kurusha glaida, mara mbili amefeli, na kosa ni lile lile: mwanafunzi akitikisika kidogo tu, yeye keshamnyang'anya usukani. Leo ni mara ya tatu na ya mwisho. Akifeli, anarudi kwenye winchi, ile mashine ya kurushia glaida, kuwavutia wenzake kamba mpaka azeeke.

Tena wenzake walikuwa wamemtonya. Mkaguzi wa safari hii hajitambulishi. Anakaa kiti cha mbele, anajifanya hajui kitu, anasubiri uguse usukani akukate alama.

Kwa hiyo asubuhi alipofika uwanjani na kumkuta mama mtu mzima ameshajikalia kiti cha mbele, miwani puani, daftari mapajani, hakuuliza maswali.

"Arobaini na mbili," mama alikuwa ananong'ona huku anaandika.

Mtihani haujaanza, tayari arobaini na mbili?

Akamfunga mikanda kwa adabu zote.

"Kwani lazima tupande?" mama akauliza.

"Lazima, mama." Akamkonyeza. "Sisi tunaelewana."

Pembeni alikuwepo mzee mmoja wa ovaroli, na begi lake miguuni. Kiherehere alikumbuka bosi alisema leo atakuja pia fundi wa mito ya viti. "Fundi, wewe utapima tukishuka," akamwambia.

Mzee akamtazama kwanza, kisha akavuta kiti. "Sawa. Ngoja nitazame."

Kupaa alipaa yeye mwenyewe. Huko juu ndipo alipomkabidhi mama usukani.

"Mimi?"

"Wewe."

"Mimi huyu?"

Kiherehere alivutiwa kweli. Kuigiza anaigiza kila mtu, lakini huyu mama mpaka jasho lilikuwa linamtoka shingoni.

Sasa uwanja ulikuwa mbele yao, mwembamba kama mkanda.

"Hatuna injini, mama. Tukikosea, hakuna kuzunguka kujaribu tena. Mwendo tunauongeza kidogo, upepo usituchezee. Breki za mbawa nashika mimi. Wewe nishikie pua tu."

Upepo ukawapiga kofi. Bawa la kushoto likainuka. Mkono wa kulia ukafurukuta chini ya paja. Kiherehere akaukandamiza kwa uzito wake wote.

"Mwanangu, wewe ni mwalimu kweli?"

"Hilo utasema wewe, mama. Bawa la kushoto, lishushe. Kidogo! Kama unaegemea ukuta uliopakwa rangi sasa hivi."

Bawa likashuka.

"Safi. Tukifika chini kabisa, mguu wa kulia unakanyaga, pua inyooke na uwanja. Ukiwahi, upepo unatusomba. Ukichelewa, tunagusa chini kiupande-upande, gurudumu linang'oka."

"Nikanyage kama cherehani?"

"Kama cherehani!" Mkaguzi mwenye utani, jamani, nani aliwahi kumwona?

Nyasi zikaanza kukimbia chini yao.

"Bado..."

"Mwanangu!"

"Bado..."

"Shika wewe!"

Huo ndio mtego wenyewe! Kiherehere aliufahamu mara moja. Akauma meno, akajikalia. "Bado, mama... sasa!"

Mama akakanyaga. Wala si kwa pupa: mguu ulishuka polepole, ukasimama palepale panapotakiwa. Pua ikanyooka kama imepigwa rula. Gurudumu likagusa, likaruka kidogo, likagusa tena. Wakaserereka, wakasimama katikati ya uwanja, na bawa la kushoto likalala kwenye nyasi taratibu, kama mtu aliyefika nyumbani.

Kiherehere akauchomoa mkono wake. Ulikuwa umekufa ganzi, hausikii kitu. Lakini haukuwa umegusa usukani hata mara moja.

Mzee wa ovaroli akafika mbio, anahema. "Kijana, mkono wako wa kulia ulikuwa wapi?"

"Nimeukalia, fundi."

Mzee akatoa faili kwenye begi, akaandika neno moja, "Amefaulu", akalipigia mistari miwili. Kiherehere wala hakumwangalia. Alikuwa ameshainamia kiti cha mbele.

"Mkaguzi, usinifiche. Nimepata ngapi?"

Mama alijifuta jasho, akavaa miwani vizuri, akafungua daftari.

"Upana arobaini na mbili, urefu hamsini," akasoma. "Ila mngeniambia mapema kwamba mito ya viti mnaipimia huko juu, ningevaa suruali."