Wa Kwanza Ng'ambo ya Mpaka

"Ukurasa wa tisa!" Mama mshonaji alimsogezea fundi wa tovuti simu hadi puani. "Mtu wa ng'ambo ya mpaka akitafuta mshona suti, sisi tunatokea ukurasa wa tisa. Nani ana subira hiyo?"

Fundi hakukasirika. Angekasirikaje, na huyu ndiye mzazi wa binti aliyemkosesha usingizi mwaka mzima? Binti mwenyewe alikuwa kwenye cherehani, anacheka chinichini. Akimridhisha mama, fundi alijiambia, posa imeshapita nusu.

"Mama, tatizo ni mkia wa anwani, zile herufi za mwishoni," alisema, kifua mbele. "Wenu ni wa hapa nchini. Mtambo wa kutafuta ukiuona, unawaonyesha watu wa hapa. Tufungue tovuti ya pili, yenye mkia wa nchi ile na bei kwa pesa yao."

"Na ule mkia wa dunia nzima?" binti aliuliza.

"Huo utatupiganisha na dunia nzima. Sisi tunawataka majirani tu."

"Kumbe una akili hivi!" Binti alitabasamu. Fundi nusura aanguke kitini.

Basi akajifungia na kompyuta kama mtu wa mtihani. Akaandika upya kila ukurasa, akabembeleza tovuti za kule ziwataje. Rafiki zake wakamuuliza kama amerogwa. Akasema ndiyo, na hataki kuponywa.

Tovuti ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa ya kwanza kabisa. Oda zikamiminika. Mama naye akambadilishia jina: sasa ni "mwanangu".

"Jumapili uje nyumbani, mwanangu," akampigia siku moja. "Vaa vizuri. Kuna jambo la familia."

Jambo la familia! Fundi alinyoa ndevu, akapiga pasi hata soksi, akamkokota na mjomba wake aje kumsemea.

Sebule ilijaa ndugu na jamaa. Binti alipendeza hadi fundi akasahau kusalimia. Kando yake alikaa kijana mgeni, suti imemkaa sawasawa.

"Ndiye huyu sasa!" mama alimwambia mgeni, huku akimvuta fundi mkono. "Mshukuru mwenyewe."

Mgeni akainuka, akamkumbatia fundi kwa nguvu zote. "Ndugu yangu, mimi kule kwetu nilikuwa natafuta suti tu, nikapata na mchumba. Hawa ndio waliotokea wa kwanza!"