Jina Kabla ya Wembe

Maji ya kunyolea yalikwisha kupoa kwenye bakuli la bati, na mtoto bado hana jina. Kwa desturi ya nyumba ile jina hutangulia, ndipo wembe uguse kichwa.

"Namwita Keo," alirudia Salha, mama wa mtoto, sauti ikianza kumkauka.

"Keo, wifi? Kwetu hilo ni jipu," alisema dada wa mumewe, aliyempakata mtoto. "Tena lile la makalioni!"

Jirani mmoja akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Sisi kwetu ndivyo tunavyofukuza kuku: keo, keo!"

"Kwa bibi aliyenilea ni umande!" Salha alifoka.

"Sasa bibi yako yuko wapi hapa?" wifi yake akamkatiza. " Chagua lingine, mama, jua linapanda."

Salha alimchukua mwanawe kutoka mapajani mwa wifi yake, akajifunika naye kanga gubigubi. Wanawake wakainama wasikie. Walichosikia ni mnong'ono tu, mfupi, ukirudiwa polepole. Kisha kwenye pindo la kanga kikachomoza kiguu kidogo, vidole vimetanuka, kikipiga hewa.